MSIMDHARAU PAKA WA JIKONI

Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala mkali. Hoja ilikuwa: "Paka hana kazi katika boma la kisasa." Watetezi wa hoja walishinda kwa kura nyingi, ukumbi ukajaa vifijo, na kengele ya chakula cha jioni ikalia kabla sisi wapinzani hatujajibu vilivyo. Mhariri amenikubalia nijibu hapa. Basi hebu tulieni, maana mwenye kalamu hapigiwi kelele za "hoja ya nidhamu!" katikati ya sentensi.

Msemaji wa kwanza wa watetezi alisema ati paka ni mnyama wa nchi za theluji. Alituambia kwamba katika vitabu vya Kiingereza paka huchorwa amejikunja mbele ya meko huku nje theluji ikianguka, na kwa kuwa sisi wa Kisumu tumekaa karibu kabisa na mstari wa ikweta, basi paka wetu ni pambo tu, hana analoota moto. Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka. Paka wa nyumbani duniani kote, hata wale wa London na Moscow, asili yao ni jamii ya paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, na paka-mwitu huyo mpaka leo anatembea katika nyika za Kenya. Hakuja kwa binadamu kwa sababu ya theluji. Alikuja watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani. Nafaka iliwaita panya, nao panya wakamwita paka. Katika kisiwa cha Cyprus wachimbuzi walifukua kaburi la kale la miaka 9,500 hivi ambamo mtu na paka wamelazwa karibu karibu. Kwa hivyo ghala ndilo lililotangulia, meko yalikuja baadaye.

Halafu ni nani aliyemdanganya huyo ndugu kwamba hatuna baridi? Kiswahili chenyewe kina neno kipupwe, yaani majira ya baridi ya mwezi wa Juni hadi Agosti, baada ya masika na kabla ya vuli. Wajaluo nao wana chwiri, opon na oro, yaani mvua ndefu, mvua fupi na kiangazi. Tunaandika insha za "majira ya baridi" zenye theluji ambayo hatujapata kuiona, ilhali kipupwe chetu hakuna anayekiandika. Najua mwenzetu anayetoka Limuru atacheka akisikia kwamba alfajiri ya Julai hapa kwetu kipimajoto hushuka hadi nyuzi 17 hivi tu. Acheke. Lakini aje alale katika nyumba ya udongo ambayo kati ya ukuta na bati pana nafasi ya kupitisha mkono, na upepo wa usiku unaotoka nchi kavu kuelekea ziwani, ule ule wanaoondokea wavuvi, upite hapo juu ya kichwa chake. Atauliza blanketi liko wapi.

Mimi likizo ya Agosti huwa niko ushago, Seme, si mbali na Kombewa, kwa nyanya yangu ambaye tunamwita Dani. Boma ni dogo: nyumba ya Dani, jiko lake la nje, simba ambamo tunalala sisi wavulana, ghala lililoinuliwa juu ya miguu minne, na bustani ya mboga iliyozungushiwa ua wa ojuok, ule mmea wa utomvu mweupe ambao Waswahili huuita mnyaa. Paka ni wawili. Mmoja anaitwa Karani kwa sababu kila asubuhi hukagua ghala kabla ya mtu yeyote, na binti yake anaitwa Tarishi kwa sababu hutumwa huku na huku na hafiki kokote. Usiku wa kipupwe wote wawili hulala katika majivu ya meko yakiwa bado na joto. Dani akienda kuwasha moto asubuhi huwaondoa kwa mguu, taratibu, akisema, "Amkeni, wazee, ofisi imefunguliwa." Wanatoka wakiwa wa kijivu, wanajikung'uta mlangoni, na ukungu uko juu ya ziwa kama pamba.

Sasa wale waliosema paka hana kazi wanisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo penye shina la jambo. Kwetu kipupwe ndiyo majira ya mavuno. Mahindi tuliyoyapanda Februari na Machi huvunwa Julai na Agosti. Na hilo ni tatizo kubwa kuliko watu wa mjini wanavyofikiri, kwa kuwa ndiyo miezi ambayo jua halina nguvu. Unayaanika mahindi kwenye turubai asubuhi, saa tisa mawingu yanakusanyika juu ya ziwa, nyumba nzima inakimbia kuyafunika. Siku inayofuata ni hivyo hivyo. Dani huipima punje kwa meno, isipolia "ka!" hairuhusiwi kuingia guniani. Huo si ushamba. Mwaka wa 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, ile tunayoiita aflatoksini. Mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu ndiyo yaliyoleta msiba huo.

Basi fikirini: umehangaika wiki tatu na turubai, mahindi yamekauka, umeyatia guniani. Shamba nalo limebaki tupu, halina kitu. Panya waliokuwa huko watakwenda wapi? Watahamia kwako! Na si mmoja wala wawili. Panya wa shambani anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, na mimba yake haifikishi hata mwezi. Akitoboa gunia, hamalizi kwa kula tu. Anakojoa humo, anaacha mavi humo, punje zinamwagika chini, fukusi wanapata mlango. Siku hizi kuna mifuko ya kisasa isiyopitisha hewa ambayo huwaua fukusi na dumuzi bila dawa yoyote, na ni mifuko mizuri sana, sisemi uongo. Lakini panya akitia jino lake mara moja tu, hewa inaingia, na mfuko wako wa bei ghali umekuwa gunia la kawaida. Hapo utamwita nani? Mfuko hauna makucha.

Msemaji wa pili wa watetezi alikuwa na jibu. "Kuna dawa," akasema, na akakaa chini akipigiwa makofi. Ni neno hilo moja lililonifanya nishike kalamu.

Kabla ya Karani tulikuwa na paka dume, mkubwa, mwenye masikio yaliyoraruka, aliyeitwa Hakimu. Mwaka mmoja, wiki ya kwanza ya Septemba, jirani alinunua sumu ya panya kwa mchuuzi siku ya soko. Ilikuwa unga uliofungwa katika kipande cha karatasi, bila jina, bila maagizo. Hatukuambiwa. Kuku wetu wawili walikufa asubuhi. Hakimu alionekana saa sita akitembea upande upande kama mlevi, akalala chini ya mpapai, na jioni alikuwa amekwisha kukauka. Dani hakugombana na mtu. Alichimba shimo, akamzika, akanawa mikono mara tatu.

Hayo niliyapata kwa simu, kwa sababu nilikuwa shuleni. Lakini matokeo yake niliyaona kwa macho. Kati ya Septemba na Krismasi, panya walitulia boma lote. Paka akiondoka panya hutawala, wahenga walisema, na mimi nawaambia hutawala bila uchaguzi. Dani alikuwa na magunia manne. Alipokuja kuyapima upya Desemba, debe tatu zilikuwa zimekwenda, na nyingine moja haikufaa hata kwa kuku. Mahindi hayo ndiyo yalikuwa ya kuuzwa Januari, wakati bei imepanda, ili nilipiwe sehemu ya karo na kununuliwa viatu. Nilirudi shuleni wiki moja na siku mbili baada ya wenzangu. Wengine wenu mnakumbuka mliniuliza nilikuwa wapi, nikasema nilikuwa mgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Tulikuwa tunatafuta pengo la debe nne.

Kwa hivyo mtu akisema "kuna dawa," mimi nataka anieleze ni dawa gani. Nyingi ya zile zinazouzwa madukani kwa kibali huzuia damu isigande. Panya aliyeila hafi papo hapo; huchukua siku kadhaa, akizidi kudhoofika, akitembea polepole mchana kweupe. Nani atamkamata panya anayetembea polepole mchana? Ni paka, bila shaka, au bundi, au mwewe. Hivyo sumu inamuua yule yule aliyekuwa akikufanyia kazi bure. Zile za karatasi za soko ni hatari zaidi, kwa kuwa hata muuzaji hajui ameuza nini. Nchi yetu ina somo la aina hii. Dawa ya wadudu iliyoitwa Furadan ilitumiwa vibaya kuwaua simba na wanyama wengine kwa sumu, mpaka mwaka wa 2009 watengenezaji wakaanza kuirudisha kutoka madukani. Huko Bunyala, karibu na mashamba ya mpunga, sumu ya namna hiyo imetumiwa kuwaua ndege, kisha nyama yao ikauzwa na kuliwa na watu. Ati nyama! Mimi nikiona unga usio na jina karibu na jiko la nyanya yangu, siuiti dawa.

Tuje kwenye bustani, ambako nakiri wapinzani wa paka wana hoja zenye uzito kidogo. Ni kweli paka hupenda udongo laini. Ukishatengeneza tuta zuri la mbegu, ukalisawazisha kama kitanda cha hospitali, Tarishi huja kulitumia kama choo. Na hilo si la kucheka, kwani mavi ya paka yanaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa unaowadhuru akina mama wajawazito, au tuseme watoto walio tumboni. Lakini tiba ni nyepesi. Dani hulaza matawi ya miiba juu ya tuta mpaka miche ikomae, na nyuma ya jiko ameacha rundo la mchanga ambalo paka wanalipenda kuliko tuta. Mboga huoshwa, mikono huoshwa. Mama mjamzito hapalilii pale. Basi.

Upande wa pili, paka anafanya kazi bustanini ambayo msemaji hakuitaja, pengine kwa sababu kwao mboga hutoka sokoni Kibuye. Nimemwona Karani mara mbili akivizia kichuguu cha fuko katika viazi vitamu, nusu saa nzima bila kupepesa jicho, na mara ya pili alitoka naye. Lakini kubwa zaidi ni mbegu. Dani hanunui mbegu za mboga za kienyeji. Hukausha mwenyewe za osuga, ambayo ni mnavu, za dek, ambayo ni mgagani, za apoth, ambayo ni mlenda, na za kunde na mitoo. Huzichanganya na majivu, huzitia katika vibuyu, na kuvitundika juu ya meko ili moshi uzilinde. Mwaka ule ambao hatukuwa na paka, panya walitembea juu ya kamba kama watu wa sarakasi, wakatoboa vibuyu viwili. Mbegu za dek zilikwisha zote. Ilibidi Dani akaombe kwa dada yake huko Asembo, na mvua za Machi zilikuwa zimekwishaanza.

Wapo watakaosema, "Si mngekula kabichi?" Jamani. Kuna mwanasayansi wetu, Profesa Mary Abukutsa-Onyango, ambaye alifanya utafiti wa mboga za kienyeji kwa miaka mingi, akianzia huku kwetu Chuo Kikuu cha Maseno, wakati ambapo watu wengi waliziita magugu na chakula cha maskini. Mwaka wa 2014 alitunukiwa Nishani ya Edinburgh huko Uskoti kwa kazi hiyo. Mboga hizi zina madini ya chuma na vitamini A nyingi kuliko kabichi, tena nyingine huwa tayari kuchumwa wiki tatu au nne tu baada ya kupandwa. Zinajua mvua yetu na udongo wetu. Wakati wa kipupwe ziko tele hata bei yake sokoni haifai nauli, na ndiyo maana wengi huziacha zikazeeka shambani. Dani haziachi. Majani ya kunde huyachemsha kidogo, huyaanika, huyaweka, na Januari wakati udongo mweusi wa Kano umepasuka nyufa za kumeza mguu na sukuma wiki zimekauka, sisi tunakula kunde kwa maziwa. Hiyo ndiyo akiba ambayo paka analinda. Yeye mwenyewe hali kunde. Analipwa kwa vichwa vya samaki na omena kidogo, na hata hizo omena huadimika, maana kwa miaka mingi uvuvi wake umekuwa ukifungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili zizaane. Miezi hiyo Karani hula ugali uliochovywa kwenye maziwa na hajawahi kugoma.

Kuna jambo jingine ambalo halikusemwa mjadalani kwa sauti, lilisemwa kwa minong'ono katika safu za nyuma: kwamba paka ni wa juok, wa uchawi, hasa mweusi, hasa anapolia usiku. Nami nitasema waziwazi kwamba nimeona paka akipigwa mawe mpaka kufa kwa sababu hiyo, na waliompiga walikuwa watu wazima. Paka analia usiku kwa sababu anatafuta mwenzi. Kama kulia usiku ni uchawi, basi bweni letu lina wachawi wengi sana wiki ya mitihani. Dani, ambaye ni mzee kuliko hao wote na anayajua mambo ya jadi kuliko wao, hungoja wakubwa wake wapande mbegu kwanza ndipo apande zake, kama desturi inavyotaka. Lakini nilipomuuliza kuhusu paka mweusi alinitazama akasema, "Nyakwara, panya haulizi rangi."

Sitaki mnifikirie kipofu. Paka wakizidi ni balaa. Huwinda ndege pia, na sisi wa ufuo huu tuna ndege wa kuonewa wivu. Pale Dunga, katika mafunjo, yupo ndege mwenye kifua chekundu anayeishi kwenye vinamasi vya mafunjo tu, na wageni huja kutoka ng'ambo kumtazama. Boma lililo kando ya mafunjo halihitaji paka sita. Wawili wanatosha, na daktari wa mifugo anaweza kuwahasi wasizaane ovyo. Pia wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo licha ya jina lake humpata paka vilevile, na akikuuma ni kifo usipotibiwa mapema. Chanjo hutolewa bure mara nyingine, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya ugonjwa huo ulimwenguni. Mtu anayefuga paka bila kumchanja asije akasema nilimtetea.

Sasa nageukia nyumbani, yaani hapa shuleni. Sote tunajua stoo ya chakula ina panya. Wanaopanga foleni ya uji wameona mashimo chini ya mlango, na mwenzetu mmoja, nisimtaje, alikuta katika maharagwe yake kitu ambacho hakikuwa haragwe. Nimesikia kwamba kuna mpango wa kuweka sumu wakati wa likizo. Naomba kwa heshima, walimu wetu, mpango huo usimamishwe. Milango ya stoo ipigiliwe bati kwa chini, magunia yainuliwe juu ya mbao mbali na ukuta, na waletwe paka wawili waliochanjwa. Bustani ya klabu ya 4K iko mita chache tu kutoka hapo, na vidudu vya sumu haviulizi mpaka. Klabu hizo zilifufuliwa rasmi nchini mwaka wa 2021, zikatufikia na sisi, tukapewa majembe. Itakuwa ajabu kupanda osuga upande mmoja wa ukuta na kumwaga sumu upande wa pili.

Gharama si kisingizio. Tarishi, yule asiyefika kokote, safari hii alifika: amezaa watoto wanne ghalani, na watakuwa tayari kuachishwa kabla ya muhula ujao. Wawili Dani amewatoa kwa ajili ya stoo ya shule, bila malipo, kwa sharti moja tu kwamba mpishi awape maji kila siku. Wa tatu ameahidiwa dada yake wa Asembo, yule wa mbegu. Mmoja bado hana mwenyewe. Ni jike, mweusi tii, ana doa jeupe kidevuni. Anayemtaka anione bweni la pili, na aje na kikapu chenye kifuniko, kwa sababu matatu ya kutoka Kombewa ina dirisha lisilofungika.